Aliyemkatiza binti si mwandishi

Swali: Kaka, salamu kutoka Arua, hapa Uganda. Nisaidie kabla sijavunja televisheni. Hapa nyumbani tunafuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, mimi, mama mkwe wangu na wadogo wa mume wangu. Alhamisi binti amekaa mezani na baba yake. Amejikaza amwambie kwamba yule kijana anayechukiwa na baba ndiye aliyelipa deni la familia. Akafungua mdomo: "Baba, yule…" Basi, majina yakaanza kupanda! Hakuna muziki, hakuna nini. Ijumaa ikaanza papo hapo, baba anasema "niache nile," na habari ikafa. Wakati huohuo mama mkwe wa binti anajua kila kitu tangu wiki iliyopita, alisikia akiwa nyuma ya mlango, na hasemi. Halafu kaka mkubwa amebadilika sauti, amekuwa mtu mwingine kabisa. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Mume wangu anasema nina wazimu, nalilia watu wasiojua hata Arua iko wapi. Je, wanaoandika hizi tamthilia wanatudharau? Na mimi, kweli nina wazimu?

Jibu: Dada yangu, kelele zako za Alhamisi zilikuwa za haki, ila zilimwendea mtu asiye na kosa. Kwa jinsi ulivyoeleza, mwandishi hakumkatiza binti. Mazungumzo yale ya mezani yana kila dalili ya kuandikwa yaende kwa mfululizo: binti anasema "Baba, yule…", baba anamdakia palepale, "niache nile." Sekunde mbili. Aliyezigeuza sekunde hizo mbili zikawa usiku mzima na mchana wake ni mtu mwenye mkasi, aliyefika kazi ya mwandishi ikiwa imekwisha zamani.

Mkasi huo una historia yake. Tamthilia ya Kituruki haikuzaliwa na urefu huo unaouona Arua. Kwao, tamthilia kubwa huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huchukua saa mbili na zaidi, matangazo ya biashara hayajahesabiwa. Kituo hujaza jioni nzima kwa tamthilia moja: kwanza muhtasari wa wiki iliyopita, kisha sehemu mpya, matangazo yakipenyezwa kila panapopatikana nafasi, mpaka usiku umekwenda sana. Kulipia tamthilia moja ndefu ni nafuu kuliko kulipia mbili fupi. Wanaozitengeneza wenyewe wamechoka. Mwishoni mwa 2010 waigizaji, waandishi na mafundi waliandamana Istanbul wakilalamikia urefu huo, maana kila wiki wanatakiwa wapige na kuhariri kitu chenye urefu wa filamu nzima ya sinema. Walisikilizwa kwa heshima, na sehemu zikabaki ndefu vilevile.

Sasa tamthilia hiyo inapouzwa nje, vituo vingi vya huko havitaki saa mbili na robo mara moja kwa wiki. Vinataka kipande cha dakika 45 hivi, kila siku, ili watu wazoee kwamba saa fulani ya jioni ni saa ya hadithi fulani. Kwa hiyo sehemu moja ya dakika 130 inakatwa vipande vitatu. Chukua tamthilia ya Gümüş. Uturuki ilionyeshwa kuanzia 2005 hadi 2007 ikiwa na sehemu 100. Mwaka 2008 kituo cha televisheni cha Kiarabu, MBC, kiliirusha kwa watazamaji wa Kiarabu kwa jina la Noor, ikiwa imetiwa sauti za Kiarabu cha Syria, na huko sehemu zilipita 150. Hakuna mwandishi aliyeketi akaandika hizo za nyongeza. Hadithi ni ileile, mikato ndiyo iliyoongezeka.

Maana yake kwako ni hii: katika miisho mitatu unayoiona, mmoja ndio wa mwandishi, na miwili ni ya mkasi. Mkataji mwenye moyo hutafuta mahali pa kupumzika, mlango unaofungwa au gari linaloondoka uani. Mwenye haraka huangalia saa tu, dakika ya 45 ikifika anakata, kama fundi anayekata kitenge bila kuangalia maua yake. Wako aliona mdomo umefunguka, akadhani amepata mwisho mtamu.

Mwisho wa mwandishi una dalili, na ukishazijua hutazisahau. Muda mfupi kabla ya majina kupanda unapewa habari mpya: barua inafunguliwa, mtu uliyedhani amekufa anashuka kwenye teksi, daktari anatoka na karatasi mkononi. Baada ya habari hiyo hakuna anayesema neno. Kamera inapita uso baada ya uso, na ule wa mwisho inaung'ang'ania. Muziki unapanda na unafika mwisho wake, haukatwi shingo. Alhamisi yako haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Habari mpya haikuwepo, kwa sababu anachotaka kusema binti wewe unakijua tayari. Ni baba tu asiyekijua.

Jaribu kitu kidogo. Kila siku mwisho unapokuja na nyuso na muziki, tia alama kwenye kalenda ya ukutani. Baada ya wiki mbili tatu utaona alama zinarudi kwa mpangilio fulani, hazijatapakaa ovyo. Hazitakuwa sawasawa kabisa, kwa sababu sehemu za kwao hazilingani urefu. Lakini utaanza kujua siku ipi ni ya kukaa vizuri na chai, na siku ipi unaweza hata kwenda kupika, na umeme usipokuwepo usihuzunike. Na kama kituo chenu kina marudio ya mwisho wa wiki yaliyounganishwa, litazame tena tukio la mezani humo. Nina imani litakuwa jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo penye hasara halisi. Kukaa na kiu usiku mmoja hakumuui mtu. Hasara ni kwamba mkasi umeligeuza tukio likawa na maana nyingine. Mwandishi aliandika habari ya baba asiyetaka kusikia. Binti amejikusanya, amepata neno la kwanza, na baba, labda kwa uchovu, labda kwa sababu uso wa bintiye umemwogopesha, anamfunga mdomo kwa sahani ya chakula. Ukiliona mfululizo unamwangalia baba: anajua kuna jambo, na ameamua lisisemwe. "Niache nile" ni sentensi nzito kwa mzee ambaye deni lake limelipwa na mtu mwingine. Anaomba aachiwe walau meza yake mwenyewe awe mkubwa wa nyumba.

Wewe ulionyeshwa kitu tofauti. Mkato ulipokuja kwenye "yule…" tukio likawa kitendawili: je, atasema? Ukalala na swali hilo, ukaamka nalo, ukaenda nalo dukani. Ijumaa ulipoambiwa "niache nile" ukaona umepewa mfupa, kwa sababu ulikuwa unangoja jibu la swali ambalo mwandishi hakuliuliza. Ndiyo maana nasema hasira ni ya haki. Kuna mtu alikuahidi kitu, isipokuwa mwandishi hakuwepo wakati ahadi inatolewa.

Sasa mama mkwe nyuma ya mlango. Huyu ni wa mwandishi kwa mikono miwili, na kwangu yeye ndiye mtu mwenye raha zaidi katika yote uliyoeleza. (Mama mkwe wako mwenyewe, ambaye mlikaa naye sebule moja, alisema nini alipomwona? Usinijibu kwa maandishi.)

Mimi kazi yangu ni kusoma miswada ya tamthilia kabla haijapigwa picha, na swali la kwanza ninalouliza kila tukio si "nini kinatokea?" bali "nani anajua?" Hadithi yenye saa mbili za kujaza kila wiki haiwezi kuishi kwa matukio peke yake. Watu wangekufa na kufufuka mpaka wakaisha. Inaishi kwa siri, na siri katika tamthilia hizi haitoboki, inahama. Leo anaijua binti. Kesho amemwambia shoga yake. Keshokutwa mama mkwe ameidaka mlangoni. Kila anayeingia kwenye duara la wanaojua anaipa hadithi wiki moja au mbili za uhai, kwa sababu lazima tuone ataitumia vipi: ataificha kwa huruma, ataiuza, au ataiweka kama akiba ya siku ya ugomvi.

Kwa hiyo kunyamaza kwa mama mkwe si uzembe wa mwandishi. Akisema leo, siri imetumika na yeye hana kitu tena. Akinyamaza, kila anapoingia chumbani chai inabadilika ladha. Angalia anavyomimina, angalia anavyomwita binti "mwanangu" kwa sauti iliyopanda nusu daraja. Wewe unajua kwamba anajua, binti hajui, na ndiyo maana unapiga kelele: unataka kumwonya mtu aliye ndani ya kioo. Kelele hizo ndizo mwandishi alizokuwa anazitafuta. Ungekaa kimya ndipo angekuwa ameshindwa.

Ukitaka kumkamata mwandishi kweli, mkamate kwa sababu. Kila anayenyamaza lazima awe na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo lazima imgharimu. Mama mkwe huyu akinyamaza kwa kuwa anamhitaji binti abaki kwenye ile nyumba, sawa. Akinyamaza kwa kuwa kila anapotaka kusema simu inalia, hapo umedanganywa. Mara moja simu ilie, tumsamehe, simu hulia. Ikilia mara ya tatu, zima televisheni uende kwa jirani yule aliyekuja kuuliza kelele za nini.

Na kama unataka kubahatisha mbele, fanya kama tunavyofanya chumba cha waandishi: andika majina ya wanaojua upande mmoja, wasiojua upande wa pili. Atakayeumia zaidi akijua huwa wa mwisho kuambiwa, maana akishajua hadithi imekwisha. Kwa maelezo yako huyo ni baba. Kwa hiyo usikae ukingoni mwa kiti kila anapokaa mezani. Bado sana. Kabla yake nadhani atajua kaka mkubwa, yule wa sauti mpya.

Kucheleweshwa peke yake si dharau. Mfano unaotajwa duniani kote ni wa Dallas, tamthilia ya Marekani. Tarehe 21 Machi 1980 msimu uliisha J.R. Ewing akipigwa risasi na mtu asiyeonekana. Jibu lilikuja tarehe 21 Novemba mwaka huohuo. Miezi minane! Sehemu ya muda huo ilitokana na mgomo wa waigizaji, haikuwa hila ya mwandishi. Siku ya jibu inakadiriwa watu milioni 83 walitazama huko Marekani, na jibu walilopewa lilikuwa jibu kweli: shemeji yake, Kristin, mwenye sababu zilizokuwa zimeshaonyeshwa. Watu walicheleweshwa lakini hawakuibiwa.

Tamthilia hiyohiyo ikaja kufanya kinyume. Mwaka 1985 Bobby Ewing alikufa, akaliliwa, na msimu mzima ukaendelea bila yeye. Kumbe mwigizaji wake, Patrick Duffy, alikuwa ameondoka na sasa walimtaka arudi. Mwezi Mei 1986 akaonekana bafuni akioga, na msimu uliofuata ulipofunguliwa watazamaji wakaambiwa kwamba mwaka mzima ule ulikuwa ndoto ya Pam, aliyekuwa mkewe. Ndoa zilizofungwa, waliokufa, waliopatana, vyote vikafutwa. Siku wewe utakapofanyiwa hivyo, njoo tuandamane pamoja, nitabeba bango. "Baba, yule…" haijafika huko.

Kuhusu sauti ya kaka mkubwa jibu ni fupi, na halina fitina. Kutia sauti ni kazi ya chumba kidogo, vipokea sauti masikioni, picha mbele, na mara nyingi kila mtu anarekodi peke yake, majibizano yote yakiunganishwa baadaye na fundi. Tamthilia ndefu hurekodiwa kwa mafungu. Kati ya fungu na fungu mtu anaugua, anapata kazi nyingine, anadai malipo zaidi, au mkataba unaisha, na hadithi haiwezi kumsubiri. Anatafutwa mwingine mwenye sauti ya kukaribiana, na wakati mwingine "kukaribiana" kunakuwa mbali kidogo. Kwa kawaida watazamaji huzoea baada ya wiki moja. Mabadiliko ya uso ndiyo magumu. Katika Muhteşem Yüzyıl, ile ya Sultani Suleiman, Meryem Uzerli aliyeigiza Hürrem, mke wa Sultani, aliondoka mwaka 2013, na Vahide Perçin akaingia kumalizia msimu wa mwisho kama Hürrem aliyezeeka. Kuna waliomkubali na kuna ambao mpaka leo humwita "yule mwingine."

Lakini sauti ina jambo moja linalonivutia, hasa kwa sisi wa Uganda. Tumekulia kwenye vibanda vya video. VJ Jingo na wenzake wanachukua filamu ya Hong Kong au Hollywood, wanashusha sauti yake, halafu mtu mmoja anasema mwanamume, anasema mwanamke, anasema mtoto na mbwa, anaongeza matani ya Kampala yasiyokuwemo, na kibanda kizima kinacheka. Hujasikia mtu akilalamika kwamba steringi na mama yake wana sauti moja. Kwa nini basi kaka mkubwa akibadilika sauti sebuleni kwako mnaumia?

Kwa sababu VJ hakuahidi kwamba yeye ni steringi. Yeye ni msimulizi, anakaa kati yako na picha, na unamwona akilini hata kama humwoni kwa macho. Tamthilia iliyotiwa sauti inaahidi kitu kikubwa zaidi: kwamba yule mtu wa Istanbul anasema Kiswahili, kwa koo lake mwenyewe. Ulishakubali uongo huo mtamu. Sauti ikibadilika, uongo unajifunua, na unamkumbuka yule kijana wa chumba kidogo ambaye hukutaka kumfikiria. Ndiyo maana binafsi naheshimu sana wanaotia sauti vizuri. Watu wetu walionja raha hiyo tangu 2011, TBC ya Tanzania iliporusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa kwa Kiswahili. Familia ya Beijing ikagombana kwa lugha ambayo shangazi yeyote wa Pwani angeielewa. Baadaye StarTimes, kampuni ya Kichina ya televisheni ya kulipia, wakaanza kufanya mashindano ya kutafuta sauti Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Mtoto wa Arua anayemwamkia bibi yake "shikamoo" siku hizi, nina shaka kama alijifunzia darasani, ingawa Baraza la Mawaziri lilipitisha 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima. Sebule imefika kabla ya shule.

Tuje kwa mume wako na wazimu.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jambo hilihili: mtazamaji anajenga uhusiano na mtu wa kwenye kioo, anamzoea, anamjua tabia, anamkasirikia, hali yule hajui kama yupo. Hawakusema ni ugonjwa. Walisema ni njia ya kawaida ya binadamu kushughulika na uso anaouona kila siku. Moyo wa mtu haukuumbwa na sehemu ya pekee ya kupendea watu wa televisheni. Unatumia ileile ya majirani.

Na kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi mzuri kuliko wa Wamarekani hao. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mwanamke kila kituo na asiyesikia la mtu, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Watu walimchukia Mkwaju kwa jina. Watafiti walikuwa wameomba Dodoma isirushiwe mchezo huo mpaka 1995, ili walinganishe. Kulikosikika mchezo, walikuta watu wameongea zaidi juu ya uzazi wa mpango na Ukimwi, mke na mume wameongea zaidi wao kwa wao. Aliyeifanya kazi si redio peke yake. Redio ilimleta Mkwaju, na maneno yaliyofuata baada ya redio kuzimwa, "unaona alivyofanya yule?", yakafanya yaliyobaki.

Kwa hiyo mume wako akicheka, muulize hivi: kama wewe, mama yake na wadogo zake mmekaa sebule moja mkibishana kama mama mkwe ana haki ya kunyamaza, mnabishana juu ya nani hasa? Binti wa Istanbul hawezi kuwa na uzito huo. Kuna mambo ambayo mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe wake usoni, lakini anaweza kuyapigia kelele kwenye televisheni, na mama mkwe akayajibu hukohuko kwenye televisheni, bila mtu kuvunjiwa heshima. Nisingemwita mtu huyo mwenye wazimu. Labda ndiye mwenye adabu kuliko wote.

Bado unadaiwa jibu la kudharauliwa. Waandishi wa tamthilia hawawadharau watazamaji, wanawaogopa. India, mwaka 2001, tamthilia ya Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilimuua Mihir, mume wa mhusika mkuu Tulsi, na watazamaji wakapiga kelele kiasi kwamba ilibidi arudishwe hai. Uturuki takwimu za watazamaji hutoka siku inayofuata, na kwa kuwa sehemu nyingi huandikwa na kupigwa wiki kwa wiki wakati tamthilia inaendelea, mhusika anayependwa anapewa nafasi zaidi, na tamthilia isiyotazamwa inafutwa baada ya wiki chache bila kuaga. Mwanamke wa Ankara aliyepiga kelele kama zako huenda alibadilisha jambo. Huyo alikuwa na kura. Wewe unatazama kitu kilichokwisha, kimefungwa, kimeuzwa, na waigizaji wameshanyoa ndevu wakahamia tamthilia nyingine. Kelele zako haziwezi kumfikia mwandishi tena, na hilo ndilo la kusikitisha, kuliko dharau.

Wanaoweza kukusikia ni wa kituo unachokilipia. Hao ndio wanaopanga saa, ndio wanaopenyeza matangazo, na ndio wenye uwezo wa kumwambia muuzaji kwamba mkato wa sehemu fulani ni mbovu. Wapigie au waandikie, lakini usiandike "mnatudharau," maana barua ya hivyo inasomwa na kuwekwa kando. Andika siku, saa, na sentensi iliyokatika: Alhamisi, saa fulani, "Baba, yule…". Waulize pia kama kulikuwa na dakika zilizopotea kati ya Alhamisi na Ijumaa, kwa sababu hutokea kipande kikaliwa na matangazo au na mechi iliyozidi muda. Usimwandikie mwigizaji kwenye ukurasa wake. Atafungua ujumbe wa Kiswahili kuhusu chakula cha usiku alichokula miaka kadhaa iliyopita.

Na mtu akikuambia yeye ameshatazama mpaka mwisho kwenye intaneti kwa maandishi ya chini, mzuie kabla hajaanza sentensi. Hasa kama ni mdogo wa mume wako.